Umekwenda Katikati

"Umekwenda wapi?" Fundi aliuliza, fimbo bado imening'inia begani.

"Katikati," akajibu Mama Begi.

Mpira wa gofu ulikuwa umekwenda kila mahali isipokuwa katikati. Ulipinda kushoto, ukagonga gogo la mti uliokauka, ukatumbukia kwenye kichaka kinachofuata ua wa waya, upande ule ambao watu wa nyumba za jirani huanika nguo zao. Mama Begi aliusindikiza kwa macho mpaka ulipozama, kisha akainama kuliinua begi la fimbo. Goti la kulia likalia, ko. Akasubiri maumivu yapite. Hayakupita, akaanza kutembea nayo.

"Safi sana," alisema Breki, ambaye wakati mpira unapigwa alikuwa amewapa mgongo akihangaika na kifuniko cha chupa yake ya maji. "Mzee bado umo."

Hilo lilikuwa shimo la tatu kati ya tisa. Zamani, nyasi zilipokuwa nyasi, watu waliuzunguka uwanja ule mara mbili na bado wakabaki na pumzi ya kubishana. Siku hizi uwanja wenyewe ulionekana umechoka kuzungukwa. Ulikuwa wa umma, wa watu wote, na cha wote hakina mwenyewe: mabomba ya kumwagilia yalikuwa yameota kutu, mitego ya mchanga inayonasa mipira imegeuka udongo, na njia ya shimo la nne ilikatwa katikati na kijia kilichochongwa na miguu ya watu wanaokwenda kazini, watu ambao hawakujua wala hawakutaka kujua kwamba wanakatiza mchezo wa mtu.

Mama Begi alikuwa kedi hapo tangu ujana wake. Kazi ya kedi ni kubeba begi la mchezaji, kumpa fimbo inayofaa na kuutafuta mpira wake unapopotea. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kubeba begi la gofu. Alianza akiwa amemwacha mtoto wake wa kwanza mgongoni kwa bibi yake, na sasa mtoto huyo naye ana watoto. Begi lilikuwa limemwachia bega moja chini kuliko jingine, hata nguo za dukani zikawa hazimkai. Fundi, aliyekuwa fundi cherehani maisha yake yote, aliligundua hilo siku za mwanzo na tangu hapo akawa anamkatia magauni yenye bega moja pana kidogo, bila kusema kitu. Fundi mwenyewe aliingia kwenye gofu kwa ajali. Mteja mmoja alisahau fimbo zake dukani kwake, akasafiri, asirudi tena.

Leo Mama Begi alikuja uwanjani na neno mdomoni. Mdogo wake alikuwa amemtafutia kazi kwa dobi, ya kukaa dirishani kwenye kiti chenye mto, kupokea nguo chafu na kuzibandika vibandiko. Kazi ya kukaa. Alipoisikia aliona hata aibu, kama mtu aliyepewa sahani ya pili kabla wengine hawajala. "Jumatatu," mdogo wake alisema. "Dada, ukikosa Jumatatu wanamchukua mwingine, na mimi sitarudi tena kuwapigia magoti kwa ajili ya magoti yako." Basi asubuhi aliamua kwamba angemwambia Fundi kwenye shimo la kwanza. Kwenye shimo la kwanza akaliahirisha hadi la pili. La pili nalo lilikuwa limepita.

Si kwamba aliogopa kumkasirisha. Fundi hakuwa mtu wa hasira. Tatizo lilikuwa macho yake, ambayo yalikuwa yamekwisha, yameishia kwenye tundu za sindano, na aliyejua ni Mama Begi peke yake. Karibu na miguu yake Fundi aliona ukungu wenye rangi, mbali hakuona kitu. Mwanawe wa kiume, aliyekuwa akiishi mji mwingine, alitaka kumhamishia kwake tangu mama yake alipofariki. Fundi alimjibu mara moja, na jibu likawa ahadi: siku nitakaposhindwa kuuzunguka ule uwanja, njoo unichukue. Na kedi mwingine yeyote angeligundua lile giza kabla ya shimo la pili, na kabla ya chakula cha mchana kibanda kizima cha makedi kingekuwa kinalijadili. Kwa hiyo Mama Begi akisema nimeacha, alikuwa pia anaifunga nyumba ya mtu.

Alitangulia mbele kama kawaida yake. Alipofika katikati ya nyasi, pale ambapo mpira ungekuwa kama kweli ungenyooka, alijikwaa kidogo, mkono ukaingia mfuko wa aproni na kutoka.

"Huu hapa, Fundi."

Mpira uliolala miguuni mwake ulikuwa na tone jekundu la rangi ya kucha. Mipira ya Fundi yote ilikuwa hivyo. Mkewe ndiye aliyeanzisha, ili isichanganyike na ya Breki, kwa kuwa Breki alikuwa na tabia ya kuupenda mpira wowote uliokaa vizuri. Mke alipofariki, Fundi alirudi uwanjani baada ya matanga, akapoteza mpira, akapoteza mwingine, akakaa chini kwenye nyasi kama mtoto aliyekatazwa kitu. Mama Begi hakuweza kuvumilia kumtazama. Siku ile ile alipita dukani akanunua chupa ya rangi nyekundu. Tangu hapo aliokota mipira ya watu vichakani, akaiosha kwa sabuni, akaitia tone jioni mezani kwake. Makedi wenzake walimcheka kwa kuwa na rangi kwenye kidole gumba kimoja tu. Mwanamke mzima, walisema, hata kujipamba anaanza kwa mkopo.

Fundi aliinama, akaugusa mpira kwa kidole gumba, akaupapasa. Alifanya hivyo kila mara. Mama Begi aliichukulia kuwa mila yake tu, kama wengine wanavyotemea mate viganja.

"Umekaa vizuri," alisema Fundi.

"Nipeni dakika," alisema Breki. "Kibofu changu siku hizi hakina adabu." Akaelekea kichakani.

Breki alikuwa dereva wa malori mstaafu, rafiki wa Fundi tangu enzi za Fundi kumshonea sare. Jina alipewa na makedi kwa sababu mdomo wake haukuwa nazo. Debe tupu, lakini debe lenye moyo mzuri. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kutafuta mpira wa mtu, hata wake mwenyewe aliutafuta kwa kusimama mahali pamoja na kulalamika. Ndiyo maana Mama Begi hakuwa na wasiwasi. Alitumia nafasi hiyo kulitua begi na kulikunja goti, akafumba macho kidogo.

Alipoyafumbua, Breki alikuwa anatoka kichakani amefunga suruali nusu, mkono mmoja juu, anacheka.

"Fundi! Njoo uone maajabu. Nimesimama zangu hapa, natazama chini, namwona nani? Mpira wako, na tone lake."

Ng'ambo ya waya mwanamke mmoja alikuwa anakung'uta shuka kabla ya kuianika, na sauti ya shuka ikasikika vizuri sana. Breki akautazama mpira mkononi mwake. Akautazama uliokuwa miguuni mwa Fundi. Njia ya mwongo ni fupi, na Mama Begi aliona ya kwake imeishia hapo hapo, kwenye nyasi zenye vipara, mbele ya mtu mwenye mdomo kuliko wote uwanjani.

"Huo niliupoteza wiki iliyopita," alisema Fundi.

"Wiki iliyopita kulinyesha, bwana. Huu hata tope hau—"

"Breki. Niliupoteza wiki iliyopita. Nipe."

Breki akampa. Akavuta kigari cha fimbo zake na kutangulia mbele peke yake. Hakusema neno mpaka shimo la nne, na hapo alisema tu, "Tuwasubiri hawa wapite," watu wa kijiani wakipita na vikapu na mikoba yao, mmoja akiwasalimia kwa kuinua kofia.

Kwenye shimo la tano kuna benchi kando ya chumba cha pampu. Pampu ilikufa zamani. Fundi aliketi bila kuulizwa kama amechoka, akapiga ubao kwa kiganja, na Mama Begi akaketi pembeni yake. Breki alibaki mbali, amejifanya anafunga kamba za kiatu. Kiatu chake hakikuwa na kamba.

Fundi akatoa mipira miwili, ule wa kichakani na ule wa aproni, akaiweka mapajani. Kisha akaingiza mkono mfuko wa ndani wa koti akatoa wa tatu, wa zamani, umegeuka rangi ya chai.

"Gusa," alisema.

Mama Begi akaweka kidole kwenye tone. Lilikuwa na kinundu.

"Mke wangu alidondosha, akaliacha likauke lenyewe. Alikuwa hana haraka na kitu chochote, yule. Wewe unapaka, binti. Unapaka kama mtu anayepaka ukuta. Lako halina mgongo." Aliendelea kumwita binti, ingawa binti mwenyewe alikuwa bibi wa watu.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu wa kwanza. Mimi nimegusa vitambaa maisha yangu yote, nitashindwa na tone?"

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Ningesemaje? Ningesema, ningehamishwa kwa kijana." Akaizungusha mipira mapajani. "Nilidhani ukichoka utasema mwenyewe."

Mama Begi alikuwa ameiandaa hotuba nzima tangu alfajiri. Ilianza na shukrani, ikapitia kwa mdogo wake, ikazunguka kwenye dirisha la dobi na kutua kwa upole. Sasa ilikuwa imeyeyuka yote, likabaki neno moja, nalo lilitoka na machozi ambayo hakuyatarajia.

"Nimechoka, Fundi."

"Magoti."

"Nani kakwambia?"

"Yanasema yenyewe. Unadhani nakufuataje humu uwanjani? Kwa ukungu huu? Nafuata magoti yako. La kulia linagonga, la kushoto linasaga." Akaishusha sauti. "Mwaka huu nimesikia yanazidi. Kila wiki yanazidi. Nikajisemea, wiki moja tena, kisha nitamwambia apumzike. Halafu moja tena. Hilo sikulifanya vizuri, binti. Hilo lilikuwa la ubinafsi, na wewe ndiye uliyekuwa unaumia."

Mama Begi alijifuta uso kwa aproni. Hakumkasirikia. Alitafuta hasira na hakuiona, aliona tu jinsi walivyokuwa wamezungukana, watu wazima wawili na vichwa vyao vyeupe, kila mmoja amemficha mwenzake kitu ambacho mwenzake alikishika mkononi. Akamweleza habari za dobi. Alimwambia mpaka kuhusu ule mto wa kiti, na Fundi akauliza umeshonwa kwa kitambaa gani, naye akasema hajui, hajauona.

"Jumatatu," alisema Fundi.

"Jumatatu."

"Basi mwambie mdogo wako unakuja." Akainuka kwa kushika bega lake, lile la chini. "Kijana wangu amekipaka rangi chumba alichoniandalia mara ya pili sasa, ananisubiri. Leo jioni nitampigia. Utanibonyezea namba, mimi sizioni."

Mama Begi alitaka kusema labda atapatikana kedi mwingine, mtu wa kuaminika, mwenye mdomo mzito. Hakusema, kwa kuwa wote wawili waliwajua makedi.

Mashimo yaliyofuata waliyacheza kama watu wanaofunga duka, wakipitia kila rafu. Fundi alipiga, akauliza umekwenda wapi, na Mama Begi akajibu ukweli. Kulia, kwenye udongo. Nyuma yetu, Fundi, umegonga jiwe ukarudi. Umegusa chini tu, mpira bado upo. Kwa jibu hilo la mwisho Fundi alicheka mpaka akaegemea fimbo.

"Nilijua napoteza," alisema. "Sikujua napoteza vibaya hivi."

"Mimi nilikuwa nashangaa," Breki alisema, mara ya kwanza kuchangia tangu kichakani. "Mtu anazeeka, mchezo unakuwa kijana. Nikasema labda ni dawa, nikuombe na mimi."

Kwenye shimo la tisa Fundi alikataa mpira aliopewa. Akautoa ule wa rangi ya chai, akaupapasa, akainama kuuweka mwenyewe juu ya kijiti. Ukaanguka. Akauweka tena.

"Fundi, usiupige huo," alisema Mama Begi.

"Umekaa mfukoni muda mrefu mno. Nao umechoka." Akasimama mahali pake, akausogeza mguu mmoja. "Ukipotea umepotea. Usinipe mwingine."

Akapiga. Ulikuwa mpigo mzuri kuliko yote ya siku ile, wenye mlio wa kuni kavu, ndiyo maana ulikwenda mbali, na ndiyo maana upepo ukapata muda wa kuuchukua.

"Umekwenda wapi?"

Mama Begi alikinga macho kwa kiganja. "Kulia. Umeingia majani marefu, pale bomba linapovuja. Sikuona ulipotua."

Majani hapo yalifika magotini, maana ndipo mahali pekee uwanjani palipopata maji kila siku. Walitafuta. Fundi alipapasa kwa fimbo, polepole, huku na huku. Breki, aliyekuwa hajawahi kutafuta mpira wa mtu, alipiga magoti kwenye tope na suruali yake safi. Baada ya muda alitambaa mpaka karibu na Mama Begi.

"Si umpe mwingine tu?" alinong'ona. "Mimi sijaona kitu. Wallahi leo sitaona kitu."

Mama Begi alitikisa kichwa. Akalitua begi. Akapiga magoti naye, ko, na la kushoto likasaga, na kwa sekunde kadhaa maumivu yalimziba masikio. Kisha akaanza kuyafungua majani kwa mikono, kama mtu anayemtafuta mtoto chawa. Alikuwa akiomba kimya kimya. Alikuwa ameitafuta mipira ya watu maisha yake yote na kuiokota, wala haukuwahi kuwepo mmoja ambao haungeweza kubadilishwa na mwingine. Huu akiukosa, yule mzee angeondoka mji huu na mfuko mtupu.

Aliushika kwa mkono kabla ya kuuona. Ulikuwa umelala ndani ya maji kidogo, tone limeangalia chini. Kidole gumba kilikuta kinundu.

"Upo," alisema. "Upo, Fundi. Umekaa vibaya, lakini upo."

Iliwachukua muda kuutoa pale. Fundi alipiga tope, akapiga majani, akapiga mpira. Breki hakuhesabu mipigo, hata ya kwake. Mwishowe mpira ukapanda kwenye grini, yaani lile duara la nyasi zilizonyolewa ambamo shimo hukaa, ukasimama upande wa mbali. Nyuma yake ilikuwa nyumba kongwe ya wachezaji, na kwenye baraza yake yenye nyufa viti vya plastiki vilikuwa vimepandanishwa tayari.

Mama Begi akampa Fundi fimbo ya kusukumia, akamweka vidole sawa, akamwelekeza miguu. Kisha akaenda shimoni.

"Itikise," alisema Fundi.

Akaishika bendera akaitikisa ndani ya shimo, mti wake ukagonga kopo la bati lililozikwa chini. Ka-ka-ka. Fundi akageuza uso. Hakugeuza macho, aligeuza sikio, akatulia, akasukuma.

Mpira ulikuja. Tone jekundu lilionekana, likafichika, likaonekana tena. Ulikuja vizuri, njia yote ulikuja vizuri, ukapunguza mwendo mahali nyasi zilipoisha nguvu, ukasimama.

Fundi alibaki amesimama, kichwa upande, anasubiri mlio wa bati.

Kiatu cha Mama Begi kilikuwa jirani na mpira. Kilijua kazi hiyo. Mguso mdogo wa ncha, kopo lingelia, na mzee angeingia kwenye gari la mwanawe na mlio huo masikioni. Alimtazama Breki. Breki aliyaelekeza macho yake juu, kwenye mawingu, akayaacha huko kwa makusudi.

"Haukuingia, Fundi," alisema Mama Begi.

"Umebaki kiasi gani?"

"Kiganja. Kiganja changu, si chako."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Akamkabidhi Breki ile fimbo, akaanza kuja, mkono mmoja mbele na chini, kama mtu anayetafuta swichi kwenye chumba alichokizoea. Baada ya hatua chache alianza kupotea kwenda kushoto. Mama Begi hakumfuata. Aliikamata bendera kwa mikono miwili, akaitikisa tena ndani ya kopo, polepole, na Fundi akasimama, akasikiliza, akageuka.